Mikono Aliyoiazima Mfalme

Siku moja ya usichana wangu haijanitoka mpaka leo, mwanangu, na tangu jana uliponionyesha sare yako mpya ya uaskari imeninyima usingizi. Kaa nikusimulie. Viatu utaving'arisha baadaye.

Nilikuwa nasoma hapa Kawempe. Mwalimu wa historia alitusomesha juu ya ukoo wa kifalme uliotawala Urusi miaka mia tatu. Chini yao wakulima waliuzwa pamoja na mashamba, na aliyelalamika alichapwa. Hata baadaye, Jumapili moja, wafanyakazi walikwenda ikulu na wake na watoto wao kumwomba mfalme awahurumie. Walibeba picha yake, kwa heshima. Askari wakawamiminia risasi. Nikauliza askari hao walitoka nchi gani. Mwalimu akasema, "Nchi hiyo hiyo. Watoto wa wakulima."

Kufika nyumbani nikamkuta mama anapangusa vumbi kwenye picha ya mwenye soko. Mama aliuza samaki wakavu katika soko lake dogo, na yule bwana alitaka kuwafukuza wauzaji wote. Kesho yake wangekwenda kumwomba, wamebeba picha hiyo. Na baba, mwanangu, alikuwa askari wake.

Nikamshika mkono. "Mama, usiende na picha hiyo!"

"Wewe wacha woga," mama akacheka. "Sisi nakwenda omba tu. Mutu nabeba picha yako, utampiga namna gani?"

Jioni, tukila, nikamuuliza baba, je, akiamriwa apige? Kwetu Wanubi tunakula sinia moja, na mkono wake ulisimama juu ya posho, ule ugali wetu. "Amri ni amri. Kula," akasema. Yeye mwenyewe hakula tena.

Asubuhi nilitoroka shule nikawafuata. Askari walijipanga getini na fimbo, mama yuko mbele ya wauzaji wenzake, picha kifuani. Mkubwa wao akapaza sauti, "Piga!" Baba akainua fimbo. Nilimchukia, nakwambia kweli. Kisha akaishusha.

"Afande, hii bibi yangu. Ile jirani yangu. Mimi sipigi."

Wenzake walipiga. Mama alivunjwa mkono, tukampeleka hospitali ya Mulago. Baba alifukuzwa kazi siku hiyo hiyo, akauza makaa mpaka uzeeni, na siku za njaa alijuta, sikufichi. Lakini kila jioni alinawa, akaketi kwenye sinia na mama, akimmegea posho kwa kuwa mkono wake haukupona vizuri. Jirani yetu mmoja, askari mwenzake aliyepiga, alibaki na sare yake. Mkewe alimwekea chakula peke yake, karibu na mlango, mpaka anakufa.

Mwanangu, yule mfalme hakufyatua hata risasi moja. Hata ikulu hakuwemo. Mwenye soko naye hakutoka ofisini. Watu hao huazima mikono ya wengine. Kamata wezi, linda mali za watu. Ila ukiamriwa umpige mtu aliyekuja kuomba, kataa, hata ukipoteza kazi. Makaa ya kuuza bado yapo.

Mungu akulinde, akurudishe kila jioni ukiwa mzima. Unawe, uje ukae nasi. Nafasi yako kwenye sinia nitaiacha wazi.