Kostiki Haijui Ukwe

Kiwanda cha kuchambua pamba kilipopunguza watu, nami nilipunguzwa. Ndivyo walivyosema, kupunguzwa, kana kwamba tulikuwa matawi ya mti. Chama cha ushirika kilikuwa hoi, wanunuzi binafsi walikuwa wameingia na mizani zao, na Bariadi nzima ilikuwa inajifunza neno soko huria. Mimi nilikuwa upande wa mafuta, pale mbegu za pamba zinapokamuliwa na mafuta yake meusi kusafishwa kwa kostiki. Nilitoka na kikohozi, na ujuzi wa kostiki. Kikohozi hakina mnunuzi, nikaanza kupika sabuni.

Asiyeijua kostiki akiiona atadhani ni chumvi. Ni magamba meupe, hayana harufu, yametulia tu. Lakini ikikutana na maji inachemka bila moto, na ikiwekwa kwenye sufuria ya alumini inatoa povu na kuila sufuria mpaka itoboke. Ikikutana na jasho lako mkononi, mwanzoni husikii maumivu, unasikia utelezi. Msimamizi wetu pale kiwandani alikuwa akituambia: ukisikia utelezi, ujue ni wewe unayegeuka sabuni. Alitufundisha kuitia kostiki kwenye maji, kidogo kidogo, na kamwe tusiyamwage maji juu ya kostiki. Na ikikurukia, vua nguo, osha kwa maji mpaka uchoke, kisha ndiyo uanze kuosha.

Kiwandani ilikuja kwenye mapipa ya chuma yenye picha ya mkono unaoliwa. Tulikuwa na glavu za mpira na miwani, hata kama miwani yenyewe ilikuwa imechubuka mpaka ukiivaa huoni kitu. Biashara ilipofunguliwa, kostiki ikaja dukani kwenye gunia lisilo na jina. Muuzaji alikuwa anaichota kwa kopo la maziwa na kuifunga kwenye mfuko wa nailoni, hapo hapo kando ya chumvi na dagaa.

"Kaka, hii usiiweke na vitu vya kula," nilimwambia.

"Aa, kila mtu anajua anachonunua," akasema, akapangusa mikono kwenye suruali.

Nilimwambia tena siku nyingine. Baadaye nilichoka. Kuna uchovu wa kubeba mizigo, na kuna uchovu wa kusema jambo lile lile kwa mtu anayecheka, na huu wa pili ndio unaozeesha.

Mke wangu alipojifungua mtoto wetu wa tatu, mama yake alikuja kutoka upande wa Mkula kumlea mzazi. Sasa hapo lazima nieleze. Kwetu Wasukuma, mkwilima, yaani mkwe wa kiume, na mama mkwe hawazoeani. Sikuwa na ruhusa ya kukaa naye, kula naye, wala kumtazama usoni. Alichukua upande wa jikoni, uani, ndani ya uzio wa mabua, nami nikabaki upande wa mbele na kibanda changu cha sabuni. Akitaka kupita, alikohoa. Nikitaka kupita, nilikohoa, na kwa kikohozi changu cha kiwandani nadhani alishinda akijificha bure.

Kama alikuwa na la kuniambia na binti yake hayupo, aliwaambia kuku.

"Ninyi kuku," nilimsikia siku moja kutoka nyuma ya uzio, "nani atawaambia watu wa nyumba hii kwamba kiberiti kimekwisha?"

Nilinunua kiberiti, nikakiweka juu ya kizingiti, nikakohoa nikaondoka. Nilimpenda kwa namna hiyo, bila kumwona. Ugali wake wa mtama ulikuwa mlaini, na mke wangu alilala usingizi kwa sababu yake.

Kuhusu kostiki, yote niliyoyajua nilimwambia mke wangu, naye akamwambia mama yake. Ila safari ya maneno hupunguza maneno. Yale yote ya maji, alumini, jasho na macho, yalipofika jikoni yalikuwa yamebaki neno moja: usiguse.

Ilikuwa kiangazi. Mto ulikuwa mchanga mtupu, na maji tulinunua kwa vijana wa baiskeli waliochota kwenye visima vya kuchimba mle mle mtoni. Nilikuwa nimejaza pipa kwa ajili ya sabuni. Asubuhi ile mke wangu alimpeleka mtoto kliniki. Kostiki nilikuwa nimekwisha kuipima ndani ya ndoo ya plastiki, nikaiweka kivulini karibu na uzio, nikaingia kibandani kukata miche ya sabuni ya juzi.

Mama mkwe alikuwa ametuona tukipika. Alikuwa amemwona binti yake, mzazi mbichi, akikoroga ndoo hiyo na mwiko mrefu. Nadhani alimhurumia. Kwao magadi huwekwa chomboni, yakamwagiwa maji, yakaachwa yachuje. Akachota maji kwa kata, akamwagia. Wala hakugusa. Alifanya kama alivyoambiwa.

Nilisikia ndoo ikinguruma, kisha nikasikia sauti ya mtu mzima analia kama mtoto.

Nilipofika kwenye uwazi wa uzio miguu ilisita, maana sikuwa nimekanyaga hapo tangu aje. Alikuwa amepiga magoti, amejifunika uso kwa khanga, na khanga yenyewe ilikuwa imelowa kile kitu. Alikuwa anajisugulia kostiki machoni kwa mikono yake mwenyewe. Nikaingia.

Nilimvuta khanga. Nikamvua blauzi, ambayo ilikuwa imeshika shingoni na kifuani, nikaichana ilipogoma. Alinipiga. Mama wa umri ule, mwembamba, alinipiga kwa nguvu zote, na si kwa sababu ya maumivu.

"Niache, mkwilima! Niache nife!"

Ndiyo maneno ya kwanza aliyowahi kuniambia mimi mwenyewe, bila kuku.

"Hufi, mayu, mama yangu. Fungua macho."

"Yaya! Yaya!" alilia kwa Kisukuma, hapana, hapana.

Nilimlaza karibu na pipa, nikamshika kichwa kati ya magoti yangu, nikamfumbua kope kwa vidole na kumwagia maji. Jicho hili, kisha lile, kisha shingo na kifua, kisha macho tena. Vidole vyangu vilisikia utelezi kwenye shavu lake, nikajua ngozi inakwenda. Nilikuwa nalia na kutukana, sijui nikimtukana nani, labda yule muuza duka, labda mila.

Jirani yetu, mama mmoja wa makamo, aliingia mbio na kutukuta hivyo. Aliziba mdomo.

"Unamfanya nini mama wa watu?"

"Lete maji!"

Akarudi na kibuyu cha maziwa. Wanawake wengine walikuwa wamejaa nyuma yake, na mmoja ana ndimu mkononi, anasema ndimu hukata makali.

"Maziwa kanywe mwenyewe!" nilimfokea jirani. "Na hiyo ndimu itachemka na kostiki juu ya ngozi yake! Maji! Maji matupu!"

Pipa lilikwisha. Nilifikiri hawataleta, kwa jinsi walivyokuwa wananitazama. Kisha yule jirani akaweka kibuyu chini, akaenda kwake, akaja na ndoo yake ya kupikia, wengine wakamfuata. Maji ya kiangazi, ya kununua, tuliyamwaga ardhini siku ile kama watu wa ziwani. Mama mkwe alipoacha kupigana, jirani alitaka kumfunika. Nikamwambia asubiri kidogo, bado. Nadhani hilo ndilo lililosemwa zaidi mtaani.

Hospitali tulifika kwa gari la mnunuzi wa pamba, mama mkwe mbele kwa dereva amefunikwa shuka safi, mimi nyuma juu ya magunia. Mganga wa zamu alimkagua macho kwa tochi muda mrefu. Alisema shingo itabaki na kovu. Macho yameoshwa vizuri, alisema, ila ukungu unaweza kuja baadaye, tungoje. Akauliza nani alimwosha. Jirani alitazama sakafu. Nikasema ni mimi.

Wajomba wa mke wangu walikuja. Walikuwa wazee wa haki, sitawasingizia. Walinisikiliza mpaka mwisho, hata habari za magamba na jasho.

"Ungemwita mwanamke," akasema mkubwa wao.

"Mwanamke angekuta macho hayapo, baba."

"Hilo kweli," akasema. "Lakini ulimwona."

Nikatoa mbuzi wa faini, na shuka jipya la kumfunika. Sikubisha. Hakuna aliyesema nimekosea, na hakuna aliyesema nimefanya vyema, nami nilikuwa nimechoka kiasi cha kutohitaji hata mojawapo. Mama aliondoka kurudi kwao akiwa bado na bandeji, kabla muda wake wa kulea haujaisha. Mke wangu alimsindikiza hadi stendi, akarudi akakaa kitandani na mtoto.

"Anasema hana ubaya na wewe," aliniambia. "Ila anasema hawezi."

"Hawezi nini?"

"Hawezi tu."

Sikumlaumu. Ila neno la mganga lilinisumbua. Mke wangu alipokwenda kumwona alirudi akisema mama anaona bila taabu yoyote, nami sikumwamini, kwa sababu ni mke mwema na angeweza kunidanganya ili nilale. Nilikuwa nakoroga sabuni nikiwaza ule ukungu. Kama ulikuja, basi nilimvua mama wa watu nguo bure.

Baada ya mavuno ya mpunga mke wangu alikwenda kwao kumwonyesha mama yake mtoto, ambaye sasa alikuwa anatambaa, na mizigo ikawa mingi. Nikamsaidia kuibeba mpaka kwenye uzio wa minyaa wa kwao, nikabaki nje. Yeye akazunguka kwa mlango wa mbele.

Kati ya minyaa nilimwona mama. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, ungo mapajani, anachambua mchele. Alichota punje kwa vidole viwili, akainua, akatupa, akachota nyingine. Ilinichukua muda kuelewa kwamba anatoa mawe, vijiwe vyeupe ndani ya mchele mweupe. Ukungu haukuja. Nilitamani kumwita mtu nimwonyeshe, ila hapakuwa na mtu.

Kisha akainua kichwa. Kulikuwa na uwanja mzima kati yetu, na zizi la ng'ombe, na hiyo minyaa. Alinitambua. Aliweka ungo chini taratibu, akavuta khanga na kujifunika kifua mpaka shingoni, ingawa alikuwa amevaa blauzi ya mikono mirefu, akainuka, akaingia ndani na kufunga mlango.