Papa Roketi na Safari Iliyozimwa

Jina lake la kuzaliwa ni Zahoro, lakini ukifika Kalemie, kando ya Ziwa Tanganyika, ukamuulizia Zahoro fundi wa mashine za boti, nusu ya watu watakutazama tu. Uliza Papa Roketi. Hapo hata mwanamke anayeanika samaki wadogo wa ndagala atakunyooshea kidole bila kuinua kichwa, na atacheka kidogo, maana hakuna anayelitaja jina hilo bila kucheka.

Jina alilipata kwa haki. Mwaka wa sabini na nane, akiwa kijana wa miaka ishirini na miwili, alikuwa msaidizi wa fundi kule Piana-Mwanga, kwenye bwawa la umeme. Ng'ambo ya pili ya mto Luvua kulikuwa na Wajerumani wa kampuni moja wakijaribu roketi zao. Asubuhi moja aliinua macho akaona mstari mweupe ukipanda mbinguni, ukapanda, ukapanda, na mtambo wote bwawani ukasahauliwa kwa muda. Wenzake waliogopa wakaingia ndani. Yeye alibaki nje mdomo wazi. Tangu siku ile, nchi yoyote ya dunia ikirusha chombo angani, Zahoro hutaka kujua kimefikaje.

Alirudi Kalemie, akaoa, akawa fundi wa mashine za boti kama baba yake, mtu wa ukoo wa wafanyabiashara wa ziwa waliozoea Ujiji na Kigoma kama tunavyozoea jiko letu. Akanunua redio. Vita vilipoingia mwaka wa 1998, watu waliuza redio zao wale. Yeye aliuza baiskeli. Betri zikiisha nguvu alizianika juu ya bati, jua likizipasha zinapata uhai wa nusu saa nyingine, na nusu saa ilimtosha. Mkewe Mosi alikuwa akisema mume wake anaanika betri kwa uangalifu kuliko anavyoanika nguo zake za Ijumaa.

Basi mwezi wa tatu wa mwaka 2001, vita vikiwa katika mwaka wake wa tatu, matangazo ya Kiswahili kutoka India yalikuwa yanasema habari moja tu iliyomhusu Zahoro: shirika la anga la nchi ile litarusha roketi yake mpya, kubwa, ikibeba satelaiti. Siku ilitajwa. Ilikuwa Jumatano. Na Alhamisi yake, tazama mambo yanavyopangwa, binti yake Chadia alikuwa anavuka ziwa kwenda kwa mumewe.

Hapa sharti nieleze. Chadia alikuwa binti pekee wa Zahoro na Mosi. Mchumba wake, Anwari, alikimbilia Kigoma vita vilipopamba moto, akapata kazi katika duka la mjomba wake, na miaka miwili walikuwa hawajaonana. Ndoa ilifungwa msikitini Kalemie, wakili akimsimamia bwana harusi. Kilichobaki ni kumpeleka bibi harusi. Na katika ukoo ule kuna desturi moja isiyofanyiwa mzaha: bibi harusi akishavuka kizingiti cha mama yake, na mama akishamwaga maji nyuma yake, hakirudii tena kizingiti kile mpaka awe amelala nyumbani kwa mumewe. Akirudi kabla, ndoa imeingia mkosi, na upande wa mume wana ruhusa ya kumkataa.

Jumatano jioni walikusanyika uani kwa Zahoro, wengine kwa ajili ya harusi, wengine kwa ajili ya roketi, wengi kwa ajili ya pilau. Jirani yao Françoise alikuwepo pia, Mbembe wa kutoka kaskazini mwa ziwa, Mkristo, mfanyabiashara wa samaki, mama wa wavulana watano na mwenye ulimi usio na breki. Redio ikakoroma, ikasema. Roketi haikuondoka. Moto ulishawashwa, ikabaki sekunde moja tu, mitambo ikagundua kwamba injini moja ya pembeni haijapata nguvu yake, ikazima zote. Roketi imebaki palepale iliposimama.

Uani wakaangua kicheko.

"Papa Roketi!" Françoise alisema akijifuta machozi. "Wamewasha moto, wamealika dunia nzima, halafu wanazima? Mimi nikifanya vile na chungu yangu, wageni watanipiga."

"Mama Françoise, kuwasha njo kazi ya kila muntu," Zahoro akajibu, naye amenuna. "Kuzima mbele ya watu, ile njo kazi."

Hawakumsikiliza, wakarudi kwenye pilau. Lakini yeye mwenyewe alikaa na neno lile. Alijaribu kumfikiria Mhindi mkuu wa shirika lile, mtu mzima mwenye elimu yake, akitoka mbele ya waandishi wa habari kusema leo hatuendi. Akamwonea huruma, akamwonea na wivu kidogo.

Alhamisi baada ya sala ya alasiri, ufukwe ulijaa. Boti ilikuwa ya kapiteni Aboubacar, na ndani yake walipakiwa watu arobaini, mapipa ya mafuta ya mawese, magunia ya mihogo mikavu, shangazi wanne wa kumsindikiza bibi harusi, na Chadia mwenyewe, kajifunika, macho tu yanaonekana na yanacheka. Mosi alibaki ufukweni, maana mama hamsindikizi binti. Maji alikuwa ameshayamwaga kizingitini kwa mkono wake. Zahoro alikuwa nyuma, kwenye mashine, kwa kuwa safari ile yeye ndiye fundi wa boti.

Akawasha. Mashine ikaitika. Vijana wakasukuma, chombo kikaelea, vigelegele vikapanda. Na ndani ya vigelegele vile Zahoro akasikia kitu. Kati ya pigo moja la mashine na la pili palikuwa na pumzi ndogo, psss, mithili ya mtu anayenong'ona kwa meno.

Alijua ni nini. Hakuhitaji kufungua. Siku mbili kabla alikuwa amebadilisha gasketi ya mashine ile, kile kipande chembamba kinachoziba kati ya kichwa cha injini na mwili wake. Gasketi ya kweli haikuwepo Kalemie nzima kwa sababu ya vita, kwa hiyo alikata ya kwake kwenye bati la kopo la mafuta ya msaada, akaongeza katoni iliyoloweshwa oili, kama mafundi wote walivyokuwa wakifanya miaka ile. Alijisifu sana. Alimwambia Aboubacar itavuka ziwa mara kumi.

Psss.

Labda itafika, alijiambia. Zingine zimefika. Na isipofika? Boti iliyozimika katikati ya Tanganyika miaka ile haikungoja msaada. Upepo uliipeleka unakotaka, na huko kulikuwa na watu wenye bunduki wa kila upande, ambao hawakuuliza nani ni bibi harusi. Alimtazama mwanawe. Alimtazama Mosi ufukweni, anapunga mkono. Akisema, binti amerudishwa. Akinyamaza, labda hakuna atakayejua kamwe. Ufukwe mzima ulikuwa ukimtazama.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Zahoro akazima.

Vigelegele vilikatika kimoja kimoja. Aboubacar akageuka. "Kuna nini, Papa? Essence imeisha kwenye tanki?"

"Mashine haiko muzuri," Zahoro alisema, na sauti yake haikuwa kubwa lakini ziwa lilikuwa limetulia na wote walisikia. "Na haiko muzuri juu ya kazi yangu. Ile gasketi nilikata mimi. Inapumua. Hatuendi."

Nisikudanganye kwamba walimpigia makofi. Shangazi wa kwanza alisema Zahoro amerogwa na redio. Abiria mmoja alisema fundi wa namna hii atupwe na gasketi yake. Kilichomuuma zaidi ni Mosi, aliyekaa chini mchangani na kushika kichwa.

"Papa Chadia, nimeshamwaga maji!" alilia. "Mutoto atalala wapi? Kwangu hawezi kurudi. Unataka wamukatae?"

Ndugu wote wa ukoo, nyumba zao ni kizingiti kilekile, ndivyo wazee walivyohesabu. Chadia alisimama ndani ya boti, na macho yake hayakuwa yakicheka tena.

Hapo Françoise akaingia majini na kitenge chake chote, akamshika mkono bibi harusi.

"Njo maneno gani haya?" akasema. "Chadia alitoka kwenu. Kwangu ametoka siku gani? Muntu hawezi kurudi mahali hajatoka. Atalala kwangu."

Wazee walitazamana. Walitafuta kosa katika hoja ile, wakalikosa. Mpaka leo hawajaliona.

Jioni ileile Aboubacar alifungua mashine mwenyewe, mbele ya watu, akitaka kumwaibisha fundi wake. Bati lilikuwa limechanika upana wa vidole viwili, na katoni imegeuka majivu. Halafu akamwita Zahoro pembeni na kumwambia neno moja tu, asante, na kwa mtu mkali kama Aboubacar hiyo ni hotuba.

Siku zilizofuata zilikuwa ndefu kwa Zahoro. Wateja wawili walipeleka mashine zao kwa fundi mwingine. Barua ilikuwa imeshavuka kwa boti nyingine kumweleza Anwari yaliyotokea yote, na Zahoro aliiandika mwenyewe bila kujificha: ubovu ulikuwa wangu. Sasa alingoja jibu. Kila boti ikitokea, Mosi alikuwa akiacha alichoshika na kwenda ufukweni, akirudi mikono mitupu.

Lakini kila asubuhi Zahoro alipita nyuma ya nyumba ya Françoise, akaona moshi wa jiko, akamsikia binti yake akicheka. Françoise alikuwa amenunua sufuria mpya, isiyowahi kupikiwa kitu, ili Chadia ale bila wasiwasi wa dini yake. Kitanda cha nyumba ile kilikuwa kimoja, na Chadia ndiye aliyekilalia. Wale wavulana watano walihamishiwa kwa baba mdogo wao, wakanung'unika, wakanyamazishwa. Kwa shukrani Zahoro akaenda kumtengenezea Françoise mlango uliokuwa ukikwaruza tangu vita vianze.

Jibu lilifika siku ya kumi na sita. Lilikuwa kifurushi kidogo, kimefungwa kwa kipande cha kanga. Zahoro alikifungua. Ndani mlikuwa na gasketi. Mpya, ya kiwandani, ya mashine ileile. Na barua:

"Shikamoo Baba. Nimengoja miaka miwili, siku chache hazinishindi. Mjomba wangu aliposoma barua yako alisema watu wa namna hii ndio wa kuoa kwao. Nimeizunguka Kigoma yote kutafuta hii. Uifunge wewe mwenyewe, Baba, si fundi mwingine."

Mstari wa mwisho ndio uliomliza. Alilia wazi, mbele ya mkewe na mbele ya mleta barua, wala hakujifuta.

Wakaondoka siku ya ishirini. Siku hiyohiyo, redio ilikuwa imesema, Wahindi wangejaribu tena. Safari hii Zahoro asingeweza kusikiliza, kwa sababu mashine ya boti, kwa kelele zake, haikubali redio karibu yake, na asingeizima hata kwa roketi ya mwezini. Akampelekea Françoise redio pamoja na betri nne zilizoanikwa tangu asubuhi.

"Unisikilizie, Mama. Jioni, baada ya mziki wa kwanza."

"Mimi? Mwenye kukucheka?"

"Weye weye."

Chadia alitoka kwa Françoise, na aliyemwaga maji nyuma yake safari hii alikuwa Françoise. Mashine ikapiga safi, bila mnong'ono, mpaka mwanga wa asubuhi ulipowaonyesha milima ya Kigoma, na Anwari kasimama gatini amevaa kanzu iliyompwaya.

Zahoro alirudi baada ya siku tano. Boti haijagusa mchanga, Françoise alikuwa ameshaingia maji ya magoti, akipunga redio juu ya kichwa.

"Papa Zahoro! Imepanda! Wahindi wamefaulu! Nimesikia kwa masikio yangu, nimepiga kelele mpaka majirani wakafikiri ni vita!"

Zahoro alishuka. Hakusema kitu kuhusu roketi. Alifungua mfuko wake akatoa vitambaa viwili vipya, vya rangi moja. Ilikuwa mikaja, ile zawadi ambayo watu wa mume humpa mama wa bibi harusi, kumshukuru kwa kiuno kilichombeba mtoto. Huwa ni mmoja. Wa kwanza alimpa Mosi, aliyekuwa amefika mbio.

"Huu wa pili ni wako," akamwambia Françoise. "Chadia aliwaambia watu wa mume wake yeye ametoka kwa mama wawili. Wamekubali. Asiyewashukuru watu, Mama Françoise, hajamshukuru Mungu."

Françoise mwenye wavulana watano, aliyejua kabisa kwamba hakuna atakayewahi kumletea mkaja maishani, aliupokea kwa mikono miwili. Ulimi ule, kwa mara ya kwanza Kalemie nzima, ulisimama. Alimpa Mosi redio amshikie, akaufunga mkaja kiunoni palepale majini, juu ya kitenge kilicholowa, akaukaza mara mbili.

Habari za roketi Zahoro aliziuliza kesho yake.