Ndoo ya Kupimia Kipimo

Nimepima maziwa maisha yangu yote ya kazi, kule Subukia, kwa chama cha wafugaji, na nikaja kuzeekea Nakuru nikidhani sina kingine cha kujifunza kuhusu vitu vya majimaji. Shule niliishia darasa la tatu, kwa hivyo nikipotea njia kidogo hapa, mnivumilie, nitarudi.

Jirani yangu ni mama wa duka la viungo. Watu wake walitoka Pwani zamani, yeye amezaliwa hapa hapa mjini. Sebuleni ana tangi la kioo, refu kama jeneza, Mungu anisamehe, na ndani yake ni bahari. Chumvi yake anainunua kwa ndoo, anaikoroga na maji aliyochuja mwenyewe, maana haya ya mfereji wetu ndiyo yalifanya meno yangu yawe rangi ya chai. Kuna samaki wawili na matumbawe. Mimi nilidhani ni mawe mpaka siku nilipoyaona yakitoa vidole vidogo na kupunga.

Tangi ni la mama yake. Huyo nyanya alilelewa bahari ikiwa mlangoni, na sasa miguu imekataa, hawezi kusafirishwa tena. Kila asubuhi anasukumwa kwa kiti chake mpaka mbele ya kioo, anangoja tumbawe moja la zambarau lifunguke, ndipo anakunywa chai.

Basi hilo la zambarau likaanza kupauka. Wiki ya kwanza ncha tu. Ya pili halikufunguka kabisa, na nyanya akawa anaacha chai nusu kikombe.

Mama wa viungo alikuwa na karatasi za kupima: unachovya, inageuka rangi, unalinganisha na picha kwenye mkebe. Karatasi ilisema maji ni mazuri. Hakuridhika. Akaagiza kipimo kingine, cha matone: unatia maji kwa kichupa, unadondosha dawa ukihesabu, mpaka buluu igeuke manjano. Tone moja, digrii moja ya ile nguvu ambayo matumbawe hujengea mifupa. Hicho kikasema nguvu imepungua sana. Ndio akaniita.

"Mzee, hivi viwili vinagombana. Nikiamini cha uongo nikatia tangini dawa ya kuongeza nguvu isiyohitajika, namaliza hata haya yaliyobaki."

"Unamuuliza huyu wa maziwa?" nyanya akasema kutoka kwa kiti. "Bahari aliiona wapi huyu, kwenye kalenda?"

"Kwenye kalenda, mama. Tena ilikuwa ya mwaka uliokwisha."

Akacheka mpaka akakohoa.

Ushauri wangu wa kwanza ulikuwa wa kijinga, nakiri. Nilisikia hiyo dawa ni jamaa ya magadi, nikasema ngoja nilete kipande kile tunachotia kwa githeri.

"Hiyo ni ya kulainisha mahindi, mzee. Haya si mahindi." Halafu akaniuliza swali ambalo hakuna mkubwa wangu kazini aliwahi kuniuliza: "Kule kwenu mlijuaje kama kipimo chenyewe hakidanganyi?"

Nikamwambia. Alfajiri, kabla ya kupokea mkebe wa mtu yeyote, tulikuwa tunapima maziwa ya ng'ombe wa chama, aliyekamuliwa tukiona kwa macho. Hayo tunajua hayana maji. Kile kioo cha kupimia, kinachoelea ndani ya maziwa, kikisimama pabaya, ni kioo kinatupwa, si mkulima anatukanwa. Na desturi hiyo haikutoka hewani. Kabla yake tulimfukuza mjane mmoja siku tano mfululizo, tukimwita mwizi, kumbe kioo kilikuwa na ufa. Hakurudi tena. Nikipita Subukia bado naona aibu.

Sikuwa nimemaliza, mama huyo ameshasimama. "Basi ng'ombe wangu ni ndoo."

Ndoo ya chumvi imeandikwa maji yake yakikorogwa sawasawa yatakuwa na digrii nane. Akapima chumvi kwa mzani wa duka, ule wa iliki, akakoroga maji mapya, akayaacha yazunguke mpaka kesho yake. Karatasi akachovya kwa ndoo, nyingine kwa tangi: rangi moja, kama mapacha. Matone sasa. Akasogea mlangoni, mbali na ile taa ya buluu ya tangi inayochanganya macho. Ndoo: manjano kwa tone la nane. Tangi: la tano.

Karatasi ilikuwa kama mgeni wa harusi, inasifu kila sufuria.

Mimi ningemwaga dawa yote siku hiyo. Yeye hapana. Alikuwa anatia kidogo, anangoja kutwa, anahesabu tena mlangoni, tano na kitu, sita, sita tena, midomo ikitembea kama mtu anayesali. Nimefanya kazi na watu wenye vyeti, na sijaona mkono mtulivu hivyo.

Karatasi alizitupa.

Siku moja asubuhi nikiwa kwa lango langu nikasikia sauti ya nyanya kupitia dirishani: "Mwite yule wa maziwa aje aone!" Nikaingia na viatu. Vidole vya zambarau vilikuwa nje, si vyote, upande mmoja tu, vikipunga. Nyanya alinyoosha kikombe kitupu bila kutoa macho kwenye kioo.

"Ongeza," akamwambia binti yake.