Merv Tregear Apalilia Bustani ya Mkewe

Merv Tregear alikata manyoya ya kondoo miaka arobaini, na mpaka leo kila anachokishika anataka kukiacha kipara. Nasema hivi kwa upendo. Ni jirani yangu kwa miaka ishirini na sita, mimi kwenye kijumba changu cha mbao, yeye na mkewe Una kwenye nyumba ya mawe iliyokuwa posta ya mji wetu wa Bellarook enzi za machimbo ya dhahabu. Nyumba ilikuwa yao wote wawili, ila bustani ilikuwa ya Una. Merv aliachiwa nyasi tu, na hata huko alisimamiwa.

Una alifariki mwezi wa Juni. Kijitabu cha ratiba ya bustani zinazofunguliwa wageni kila Oktoba kilikuwa kimeshapigwa chapa, na jina lake liko ukurasa wa pili. Kwetu ukishaandikwa humo hujitoi. Watu wanakuja kwa mabasi kutoka Melbourne, wanazunguka nyumba hadi nyumba, wanakula skonzi za kina mama wa kanisa, na lango likikutwa limefungwa litasemwa miaka kumi. Leanne, binti yao, alitaka baba yake auze nyumba ahamie Geelong karibu naye. Merv hakubisha. Dalali angeleta karatasi Jumatatu, wageni wakishaondoka. Alichotaka yeye ni kimoja: bustani ya Una ionekane vizuri kwa mara ya mwisho.

Basi akapalilia. Septemba nzima nilikuwa Perth kwa dada yangu, na niliporudi nikachungulia juu ya ukuta. Udongo mtupu, umechanwa kwa reki mpaka ukingoni! Popi za Una, zile alizoziacha zijiotee zenyewe kati ya mawaridi, nyekundu na zambarau, zilikuwa zimeng'olewa zote zingali changa. Merv alizijua popi zikiwa na maua. Yale majani machanga ya kijivu hakuwahi kuyaangalia, na kwake yeye kisichopandwa kwa mstari ni gugu.

"Unaonaje?" akaniuliza, uso umemng'aa, jembe mkononi. "Nimemsafishia mwenyewe."

"Pasafi kweli," nikasema. Mwoga mimi.

Jumamosi ya wageni nilikaa langoni kwa Merv kukata tiketi. Wageni waliisifu nyumba, wakapapasa kaunta ya zamani ya posta, kisha wakatokea uani. Bibi mmoja aliangalia kijitabu, akaangalia udongo, akarudi kwenye kijitabu.

"Samahani, baba. Hizi popi zilizoandikwa hapa ziko wapi?"

"Si bado hazija..." Merv akaishia hapo. Nilimwona akiuangalia udongo wake, kisha mikono yake. Akakaa kwenye ngazi ya nyuma, kofia mapajani, mbele ya watu wote. "Nimezing'oa," akasema. "Mimi mwenyewe. Nilidhani magugu."

Nilitamani ardhi inimeze. Na hapo hapo akaingia Dulcie Pascoe, mwenyekiti wa chama cha bustani na shoga yake Una, mwanamke ambaye mdomo wake hauna breki.

"Yarabi, shemeji! Umemnyoa marehemu!"

"Niache, Dulcie."

"Sikuachi. Ulipalilia kwa mkono au kwa jembe?"

"Kwa jembe. Nimechimba mpaka hapa," akaonyesha kifundo cha mguu.

Dulcie akacheka mpaka akashika nguzo. "Sasa sikiliza, mzee wa kondoo. Mbegu za popi zinalala ardhini miaka na miaka, zinasubiri mtu azigeuze zione mwanga. Una alimwaga za miaka thelathini humu, na kiuno kilimkataza kuchimba. Umeziamsha zote! Mwakani hutapata pa kupita."

"Mwakani sipo."

"Hayo ni yako na Leanne. Ila huyo atakayenunua, mwambie na yeye asije na reki."

Merv akainuka, akavaa kofia. Alasiri yote aliwasimamia wageni kama askari. "Pita njiani, mama. Humo mna popi." Wakamtazama kwa huruma, wengine wakacheka, naye hakujali.

Jumatatu dalali alikuja na karatasi zake. Alikunywa chai, akala skonzi mbili zilizobaki, akaondoka na karatasi zile zile, hazina hata nukta ya wino. Haikupita nusu saa simu ikalia. Merv alipokea akiwa uani, na mimi, nikiri tu, nilikuwa nimeleta beseni la vyombo karibu na ukuta.

"Hapana, Leanne. Siumwi. Ndiyo, nimekula."

Akasogea mpaka ukingoni mwa udongo.

"Namsubiri mama yako aote."

Kisha nikamsikia akilia kwa sauti, kilio ambacho siku ya mazishi hakukilia. Niliacha vyombo kwenye beseni, nikaenda kukaa naye.