Dakika Moja ya Kumkumbuka Mpelelezi

Kazi yangu ni kutafsiri filamu kwa maiki katika kibanda umiza kimoja cha Viwanja Sitini, hapa Ifakara. Watazamaji hawajui Kiingereza. Mimi ninakijua kidogo sana, ila hilo nalo walikuwa hawalijui.

Jumapili iliyopita tuliweka filamu ya vita isiyo na rangi, ya mpelelezi mmoja: moshi wa sigara, vivuli ukutani, makofia yaliyofunika macho. Nikatangaza kwamba ilipigwa enzi hizo hizo za vita. Watu wakaguna kwa heshima, na ile heshima ikanilevya. Nikaongeza kwamba babu yangu, aliyepigana Burma, alipata kumwona huyu mpelelezi kwa macho yake.

"Babu yako bado yuko hai?" akauliza Mama Lukasi, muuza mchele, aliyekaa mbele kabisa.

"Alishafariki, mama. Kifua kikuu."

Mpelelezi alipopigwa risasi mwishoni, niliwasimamisha wote kwa dakika moja ya kumkumbuka. Wanaume wakavua kofia. Mama Lukasi akajifuta machozi kwa kanga, akaanza kumwombea marehemu kwa sauti.

Tukiwa bado tumesimama, majina ya waigizaji yakaanza kupita, na pembeni yake picha za jinsi filamu ilivyotengenezwa, zote za rangi. Marehemu alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, anakula chipsi, huku akijipiga selfi kwa simu.

Mama Lukasi alikatisha sala, akanigeukia.

"Mwanangu," akasema taratibu, "hebu tutafsirie na hapo."