Uvimbe wa Koku na Msomi wa Ukoo

Siku ninayoikumbuka kwa aibu kuliko zote, mwanangu, ilikuwa ya tatu baada ya Krismasi, nyumbani kwetu Muleba, jirani na Rubya. Nilikuwa kijana wa miaka arobaini. Usicheke. Kwetu msomi huchelewa kuiva, na wengine huanikwa wakiwa bado kijani.

Unajua jinsi Wahaya tunavyorudi nyumbani Krismasi. Na kama wewe ndiye mtu wa ukoo uliyekwenda chuo kikuu, hurudi kupumzika, unarudi kazini. Baada ya chakula watu hukaa sebuleni, kahawa ya kutafuna inapita mkono kwa mkono, na maswali ya mwaka mzima yanaanza kuletwa. Ng'ombe amekonda, kwa nini? Jirani amesogeza mpaka wa kibanja cha migomba, sheria inasemaje? Simu inajizima yenyewe, Profesa, hebu itazame. Mimi si profesa. Nafundisha historia chuoni, na shahada yangu ya pili niliipata kwa kuandika kurasa mia mbili juu ya vyama vya ushirika vya kahawa, kurasa ambazo hata mke wangu hajazimaliza. Lakini kwa miaka yote ile sikuwahi kumjibu mtu pale sebuleni kwa neno "sijui."

Mwaka ule swali lilitoka kwa mdogo wangu Koku. Alikuwa na miaka thelathini na sita, ameolewa Izigo, mama wa watoto watatu. Alinipa karatasi ya hospitali iliyokunjwa mara nne, akasema kwa sauti ya chini, "Kaka, nisomee hii uniambie." Daktari alikuwa ameona kwa utrasaundi uvimbe kwenye titi lake la kushoto, ukubwa wa punje ya harage. Kwa kuutazama tu hakuweza kusema ni wa namna gani. Alimwandikia aende Bukoba wiki ya pili ya Januari, ambako madaktari bingwa wangeweka kambi ya siku tano, wakiwa na mashine ya kuchukua kinyama kwa sindano ya kuvuta.

Ningeweza kusoma kimya. Lakini msomi akishika karatasi hutaka asikike. Nilisoma kwa sauti. Nilipofika kwenye neno "titi," baba mdogo alianza kukagua kucha zake, na shemeji yangu Deo, mumewe Koku, akatazama dari. Mama mdogo, mkewe baba mdogo, alikuwa amesimama mlangoni na kisahani cha kahawa, akabaki pale pale. Kisha wote wakanigeukia.

"Sasa Profesa," Deo akasema, "hiyo sindano ni salama?"

Niliyoyajua kuhusu sindano hiyo yangeingia kwenye kisoda cha chupa, na nafasi ingebaki. Lakini nilikunja nne, nikakohoa, nikatafuta hoja. Ikaja, tena ya nyumbani kabisa: mnyauko. Hakuna aliyekuwa pale ambaye hakupoteza migomba kwa mnyauko. Wote walikumbuka mabwana shamba walivyopita wakituonya kwamba panga likikata mgomba mgonjwa hubeba ugonjwa na kuupeleka kwa mgomba mzima.

"Mnakumbuka mnyauko uliingiaje vibanja vyetu?" nikauliza. "Kwa panga. Uvimbe uliolala usiguswe kwa chuma. Ukiuchokoa unauamsha, unasambaa mwili mzima."

Ilikuwa hoja nzuri. Ilikuwa na mfano, ilikuwa na onyo, ilikosa ukweli tu. Baba mdogo akaitikia kwa kichwa. Deo akasema, "Nilijua kuna kitu." Mama mdogo akarudi jikoni bila kutupitishia kahawa. Koku aliikunja karatasi yake, akairudisha kwenye pochi. Nami nikatafuna kahawa iliyokuwa imebaki mkononi, nimeridhika kabisa na nafsi yangu. Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Hawakutuambia kwamba anayejikwaa ulimi mara nyingi yeye mwenyewe haumii. Anayeumia ni aliyemsikiliza.

Wiki ya pili ya Januari, siku ya Jumanne, nilikwenda Maruku kumwamkia shangazi yetu, Ma Agnesta. Shangazi aliishia darasa la nne, kisha akafanya kibarua miaka mingi kwenye mashamba ya utafiti wa migomba. Nilimkuta anamenya ndizi. Nikamsimulia habari za Krismasi, na nilipofika kwenye hoja yangu ya mnyauko nikaisimulia polepole, nikingoja sifa, kwa kuwa migomba ilikuwa fani yake.

Aliweka kisu chini.

"Mugisha, hayo uliyasema mbele ya watu?"

"Ndiyo, shangazi."

"Na Koku akasikia?"

"Akasikia."

Alifuta utomvu wa ndizi mikononi, akanikazia macho.

"Panga lilisambaza mnyauko kwa sababu lilitoka mgomba huu likaingia ule bila kupitishwa motoni. Sisi tulilichoma kila baada ya mgomba mmoja. Hiyo sindano ya daktari imetoka kwa mgonjwa gani? Si inatoka kwenye pakiti yake? Halafu niambie, ulijuaje kwamba mgomba una mnyauko na si kiu tu? Kwa kuutazama majani?"

Akaokota ndizi moja, akainyanyua mbele ya macho yangu.

"Tulikata ndizi moja tukaangalia ndani. Moja tu. Ukiona kahawia ndani, unajua. Usipoiona, mgomba umepona, na hukuung'oa bure. Wewe umechukua nusu ya maneno yetu, ile ya kutisha, ukaacha nusu ya kusaidia. Chuo kikuu ndivyo kinavyofundisha?"

"Shangazi, nilidhani..."

"Hukudhani, waitu, mwana wetu. Uliona aibu kusema hujui." Akachukua kisu chake. "Kambi inafungwa lini?"

"Ijumaa."

"Basi ulisema mbele ya watu, nenda ukafute mbele ya watu. Usipige simu. Kwenye simu utajificha kwenye Kiingereza."

Mwanangu, nimewahi kutetea tasnifu mbele ya wazee watano wenye miwani. Haikunitetemesha kama safari ya Izigo siku iliyofuata. Nilimpitia baba mdogo kwanza, maana naye alikuwa amesikia. Deo tulimkuta kibanjani akitandaza nyasi chini ya migomba. Nilisimama kwenye matandazo na viatu vyangu vya mjini, nikasema kwamba nilichosema Krismasi nilikitunga pale pale, kwamba mnyauko na titi ni vitu viwili, na kwamba Koku aende Bukoba kesho yake.

Deo aliegemea jembe lake. "Krismasi unasema hivi, Januari unasema vile. Shahada yako shemeji ni ya msimu, kama senene?"

"Senene wana faida, tunawala," baba mdogo akasema.

Wakacheka, na mimi nikacheka, kwa sababu nilistahili. Koku hakucheka. Alikuwa ametoka jikoni na mwiko mkononi. "Kaka, ulisema umelala. Tangu siku ile kila asubuhi naugusa kuona kama umeamka."

Deo aliacha kucheka. Akauliza, safari hii bila mzaha, "Na wakikuta ni saratani?"

"Sijui," nikasema. Neno lenyewe ni jepesi, mwanangu. Sijui kwa nini nililibeba miaka arobaini kama gunia. "Sijui, shemeji. Tuwaendee wanaojua."

Alhamisi tukawa Bukoba tangu asubuhi, Koku, Deo na mimi, kwenye benchi refu lililojaa wanawake na waume wachache wanaojifanya wanasoma matangazo ukutani. Daktari alikuwa binti ambaye ningeweza kumfundisha mwaka wa kwanza. Koku alimwuliza swali lililomkosesha raha: sindano haitausambaza? Daktari hakucheka. Alimwonyesha sindano ndani ya pakiti yake, ikiwa haijafunguliwa, akamweleza kwamba kinyama huvutwa ndani ya sindano yenyewe kikatoka nje kupitia humo humo. "Mama, hilo naulizwa kila siku," alisema. "Kuchukua kinyama hakugeuzi uvimbe mwema kuwa mbaya. Kinachoponza ni kuchelewa kujua."

Yaliyotokea ndani nimeyasikia kwa Koku mwenyewe. Alilazwa chali, akapakwa mafuta ya baridi, na uvimbe wake ukaonekana kwenye kioo, kidoa cheusi chenye kingo laini. Ganzi iliuma kama siafu mmoja, basi. Wakamchana kidogo, upana wa punje ya mchele, wakaingiza sindano mara moja tu. Haikuchomolewa na kurudishwa. Ilikaa pale chini ya kidoa, daktari akiiongoza kwa macho kwenye kioo, na mashine ikavuta kipande baada ya kipande. "Inanguruma kama friji ya dukani," alisema Koku. "Nikawa naangalia kile kidoa kinapungua, kinapungua, mpaka sikukiona tena." Nesi akamkandamiza kwa dakika nyingi, akambandika plasta na kumfunga bandeji. Alitoka akitembea kwa miguu yake. Aliambiwa asibebe mzigo siku kadhaa, kwa hiyo Deo akapika yeye, na watoto wakanusurika.

Vinyama vilipelekwa maabara, na majibu yalichukua wiki tatu. Sitakudanganya kwamba nilifundisha historia yoyote ya maana katika wiki hizo. Kisha Koku akapiga simu. Haukuwa saratani. Kwa kuwa ulikuwa mdogo, daktari alikuwa ameutoa wote ulioonekana kwenye picha. Angerudi baada ya miezi sita kuangaliwa.

Jioni ile ile baba mdogo naye akapiga. "Profesa, kumbe ulikuwa sahihi tangu mwanzo. Hakukuwa na kitu."

Nakiri kwako kwamba kwa kitambo kidogo nilitamani kulipokea lile neno. Lilikuwa tamu, tena lilikuja lenyewe. Nikalirudisha. "Hapana, baba mdogo. Sikusema hakuna kitu. Nilisema asipimwe. Majibu yangekuwa mengine, neno langu lingemzika."

Nikasikia mlango ukifungwa upande wake. Kisha akasema taratibu, "Mama yako mdogo naye ana kitu kama hicho. Tangu kabla ya Krismasi. Siku ile alikuwa pale mlangoni, alitaka aulize baada ya Koku. Ukasema ulivyosema, akarudi jikoni."

Wake haukuwa kama wa Koku. Alipimwa kwa njia ile ile, na ilikuwa saratani, lakini iliwahiwa. Alivuka ziwa kwenda Mwanza, akafanyiwa upasuaji, akapewa dawa. Nywele zikadondoka, zikaota upya zikiwa laini kuliko mwanzo, jambo analolisimulia kwa majivuno. Yupo. Juzi alinigombeza kwa kukonda. Sijamwambia ni mara ngapi nimehesabu zile wiki alizokaa kimya kwa ajili yangu.

Nasaha yangu basi ni hii, mwanangu, na uisikie kutoka kwa aliyeinunua kwa gharama ya wengine. Ukiulizwa usilolijua, sema hujui, kisha ondoka na aliyekuuliza mwende kwa anayejua. Usimwachie neno zuri badala ya msaada, maana neno zuri la mtu anayeheshimiwa hufunga milango hata ya wale ambao hukuwaona wamesimama hapo. Ukigusa uvimbe mwilini mwako, wa titi au wa popote, usiulinde kama siri wala usiuombee ulale. Uvimbe mwingi wa titi si saratani, lakini hakuna jicho la ndugu wala mfano wa msomi unaoweza kuutenga na ulio saratani. Kipande kidogo cha nyama, kikitolewa kwa mikono iliyofundishwa, kitasema. Na majibu yakiwa mema, shukuru, usijisifu. Yakiwa mabaya, mshukuru aliyekuharakisha.

Mwenyezi Mungu akupe ulimi usioogopa kuonekana mjinga, na watu wa nyumbani wasioona haya kukuuliza mara ya pili. Akufikishe mapema kila unapopaswa kufika. Uende salama, urudi salama, nawe uwakute wote unaowapenda wakikungoja mlangoni.