Herufi A Zilipoisha

Nilikuwa mtu wa kuondoka. Tangu nifike Durban kutoka Tanga nilishakuwa karani wa malori bandarini, nikauza simu, nikabeba samani, na kila mahali, mwezi wa nne ukiingia, nyayo zilianza kuniwasha. Kwenye karakana ya uchapaji pale Overport nilikuwa katika mwezi wa nne huo. Tiketi ya basi la Ijumaa kwenda Johannesburg ilikuwa mfukoni, na mwenye karakana nilikuwa sijamwambia.

Yeye alikuwa mama wa Kihindi, mzaliwa wa mji huo, aliyerithi mashine kwa baba yake. Tulichapa kadi kwa njia ya zamani: unachomoa herufi za madini ya risasi moja moja kwenye droo, unazipanga kinyume kama zionekanavyo kwenye kioo, unazipaka wino, unakandamiza karatasi. Aliweza kushinda asubuhi nzima akirekebisha nafasi kati ya herufi mbili. Mimi nikimaliza mstari mmoja nasimama, nazunguka meza, narudi.

"Keti basi," alikuwa akiniambia. "Unanitia kizunguzungu."

Jumanne akaja mama wa Kirundi, muuza vitenge. Binti yake alikuwa anaolewa Jumamosi, naye alitaka kila mgeni apewe dua ambayo marehemu mama yake, mtu wa Buyenzi, mtaa wa Waswahili kule Bujumbura, alizoea kuwaombea watoto. Alikuwa ameiandika kwenye daftari, mistari kumi na miwili.

"Iko kazi ya siku ngapi, kaka?"

"Mbili tu, mama," nikasema, huku nikiiwazia Ijumaa yangu.

Mstari wa saba haukufika katikati. Herufi A zilikuwa zimeisha. Nilikung'uta droo, nikapiga magoti nikapapasa chini ya meza, nikapata moja, imevunjika mguu. Seti ile ilinunuliwa kwa ajili ya Kiingereza, na Kiingereza hakina njaa ya A kama lugha yetu. Nikaanza kutafuta maneno ya kupunguza. Penye "aliyechoka apate mahali pa kulala" nikaandika "apate usingizi". Nikaona nimekuwa mjanja. Nikampigia simu yule mama aje aone.

Kesho yake asubuhi alikuja kutoka kwake mtaa wa Cato Manor, akasoma, akanirudishia karatasi.

"Hapana. Mama hakusema usingizi."

"Lakini mama, maana ni ileile."

"Si ileile, kaka. Tulipokimbia vita, usingizi tulikuwa nao. Tulisinzia hata tukitembea. Mahali ndipo hatukuwa napo."

Mwenye karakana, asiyejua Kiswahili, aliniuliza amesema nini. Nikamtafsiria. Akavaa aproni yake.

Njia ilikuwa moja: tuchape nusu ya juu kwenye karatasi zote, tusubiri zikauke, tubomoe herufi, tuzirudishe kwenye droo, tupange nusu ya chini, tuchape tena juu ya karatasi zilezile. Alinionya kwamba joto la Durban lina unyevu, karatasi huvimba, na nusu mbili zinaweza kukataa kukaa sawa. Alhamisi nilikuwa nikizigusa kila baada ya dakika tano kuona kama zimekauka, mpaka nikaacha alama ya dole gumba kwenye tatu. Akanifukuza nikatembee nje. Ijumaa saa ya basi ilipofika, nilikuwa nimeshika mkono wa mashine, wino hadi viwikoni. Niliitazama saa, nikavuta karatasi nyingine.

"Nilikuwa na tiketi ya basi," nikamwambia. "Ya leo."

"Najua. Iliwahi kudondoka sakafuni. Nilikurudishia kotini mwako." Hakuinua macho. "Weka karatasi, itapinda."

Jumamosi asubuhi yule mama aliichukua ya juu kabisa. Nusu ya chini ilikuwa imeinama kidogo upande wa kulia, nami nikaanza kumweleza habari za unyevu. Hakunisikiliza. Alikuwa akisoma kwa sauti ndogo, na alipofika kwenye "mahali pa kulala" akapitisha kidole juu ya maneno yale, pale risasi ilipoiacha karatasi na mabonde madogo.

"Yanashikika," akasema.

Nilikaa kwenye karakana ile miaka mitatu. Sikutulia hata siku moja, ila niliacha kununua tiketi.